Wenyeji Chagueni

Nipeni seremala mmoja, ndugu zangu, nikae nanyi pamoja naye dakika chache. Jina lake silitaji, maana nikilitaja mtaanza kulitafuta kwenye simu. Alikuwa akiishi katika mji mmoja wa milimani, mji wa aina ile ambayo chungwa likikuponyoka mlangoni kwako, unakwenda kuliokota kwa jirani wa tatu. Mimi nimetembea kidogo, nimelala katika miji ya namna hiyo. Siku moja niliamka nikakuta nimeteremka mwenyewe mpaka miguu imetoka nje ya kitanda, na mwenyeji wangu akaniambia kwa upole, "Mchungaji, hapa huwa tunalaza kichwa upande wa juu." Jana yake hakusema.

Seremala huyu alikuwa na mapenzi matatu: mke wake, randa yake, na timu ya mpira ya mtaani kwao iliyoitwa Chapakazi. Mbele ya mkewe aliyataja kwa mpangilio huo. Akiwa na wenzake, mpangilio ulijipindua.

Kwa miaka kumi na tisa alikuwa mwenyekiti wa mashabiki, Tawi la Sokoni. Watu walishaacha kumwita fundi. Walimwita Mwenyekiti, na hata mteja aliyekuja kuagiza kitanda alianza kwa kuuliza habari za timu, kwa sauti ile ya chini tunayoitumia kuuliza hali ya mgonjwa. Chapakazi ilicheza ligi ya wilaya. Timu mbili za juu huingia kwenye mchujo wa mkoa, na kwa miaka yote hiyo Chapakazi ilikuwa imemaliza ya tatu, ya nne, ya tatu, ya tano, ya tatu. Seremala alikuwa ametimiza miaka hamsini na tisa. Magoti yake yalianza kulia kama bawaba kavu. Alichokuwa anakitaka kabla hajaishiwa pumzi ni kimoja tu: aione Chapakazi ikiingia kwenye mchujo. Na mwaka huo ilikuwa imebaki mechi moja, nyumbani, Jumapili alasiri. Baada ya ibada, msinitazame hivyo. Wakishinda, wanaingia. Wakitoka sare au wakifungwa, basi tena.

Tawi lilikutana kwa kinyozi, ambaye ndiye aliyekuwa katibu. Ukutani, juu ya kioo, kulikuwa na kipande cha ubao kilichoandikwa kwa chaki majina ya makipa watatu wa timu: Mrefu, Mfupi na Mlokole, huyu wa mwisho kwa sababu kila kona ikipigwa yeye hufumba macho na kuomba. Kila Jumatatu majina yalipangwa upya, nani namba moja, nani namba mbili, nani namba tatu. Ungeingia pale kunyolewa ungeweza kutoka na nusu ya kichwa, kwa sababu mashine ilisimama kila hoja ilipokolea.

"Huyu Mrefu anakuwaje namba moja?" muuza kahawa aliuliza wiki ile, birika mkononi. "Juzi nyumbani katunguliwa matatu!"

"Katunguliwa, lakini aliruka," kinyozi akajibu. "Mfupi hata kuruka haruki."

"Akiruka mpira umeshaingia, hiyo ni kuruka au ni kushangilia?"

"Kaka, upande huu bado," akasema mteja aliyekuwa kitini.

"Subiri bwana, tunaongea mambo ya msingi."

Seremala akakohoa, na wote wakanyamaza. "Mpandisheni Mlokole."

"Mwenyekiti, Mlokole hajacheza hata mechi moja nyumbani mwaka huu!"

"Ndiyo maana hajafungwa."

Wote wakaona kwamba hiyo ni hoja nzito. Mlokole akapanda namba moja. Na ndivyo mambo yalivyokwenda pale: kipa bora wa Chapakazi siku zote alikuwa yule ambaye bado hajacheza nyumbani.

Kwa sababu ugonjwa wenyewe ulikuwa wa nyumbani. Ugenini, kwenye viwanja vya mabondeni, walijitahidi, walishinda, walitoka sare za heshima. Nyumbani, kipindi cha kwanza wanaongoza mawili bila, tawi linapuliza vuvuzela mpaka mbwa wanahama mtaa. Kipindi cha pili miguu inakuwa ya kuazima, na filimbi ya mwisho inawakuta wamefungwa matatu kwa mawili. Mechi hiyo, na inayofuata, na ile nyingine.

Dawa ilikuwa nini? Mnaijua. Kocha aondoke.

Kocha wa kwanza mwaka ule alikuwa askari mstaafu. Wakamwondoa kwa sababu mazoezi yake makali yanawachosha wachezaji. Wa pili alikuwa kijana aliyetoka chuoni na kompyuta yake. Wakamwondoa kwa sababu mazoezi yake ni laini, ndiyo maana wachezaji wanachoka. Wa tatu waliona hana maelezo, wakamwondoa. Wawili wa kwanza walikuwa na maelezo mengi mno, nayo hiyo ilikuwa sababu. Na kila mara mkono wa kwanza kunyooka ulikuwa wa seremala. Si kwamba alikuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu anayependa kitu mpaka anashindwa kukitazama.

Sasa sikilizeni habari za uwanja wenyewe. Ulianzia juu, penye tangi la maji, ukaishia chini, sokoni. Mimi nikisema juu na chini, nanyi, wageni wa jana tu, mmeshaelewa. Wao waliozaliwa pale hawakuelewa. Kama mji mzima umelala upande, uwanja uliolala upande utaujuaje?

Nyuma ya goli la chini kulikuwa na mabenchi matano ya tawi, kazi ya mikono ya seremala. Na kulikuwa na desturi iliyoachwa na waasisi: Chapakazi ikiwa nyumbani, inaanza kwa kushambulia goli la sokoni, ili tawi lipate magoli yake mapema, karibu, ya moto kama maandazi. Tena wageni walikuwa na adabu jamani! Nahodha wa wageni akishinda shilingi ya mwamuzi, badala ya kuchagua upande, anaweka mkono kifuani na kusema, "Wenyeji chagueni." Timu baada ya timu, miaka nenda rudi. Tawi likavimba.

"Mmeona?" kinyozi alikuwa akisema. "Wanatuogopa."

Alhamisi kabla ya mechi ile ya mwisho wakamwita kocha wa nne. Huyu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi pale pale mjini, mtu mwembamba, mpole, aliyekuja na daftari kwapani na vumbi la chaki kwenye mikono ya shati.

"Mwalimu," katibu akaanza, "tunataka kujua Jumapili kipa ni nani."

"Yeyote. Wote watatu ni wazuri."

Kusema hivyo pale ni sawa na kusema humu ndani kwamba kwaya zetu zote zinaimba sawa.

"Nina ombi moja tu," Mwalimu akaendelea. "Tuanze kwa kupanda."

"Kupanda nini?"

"Uwanja. Kipindi cha kwanza tushambulie goli la tangi, vijana wakiwa na nguvu. Kipindi cha pili, miguu ikichoka, tuwe tunateremka."

Kinyozi akacheka mpaka akakaa. "Mwalimu, uwanja ule ni tambarare! Mimi nimekaa kwenye benchi lile miaka kumi na tisa, sijawahi kuteleza hata siku moja."

"Halafu ni mkosi," muuza kahawa akadakia. "Waasisi walianza na soko. Na mnataka nikae dakika arobaini na tano nikitazama tunavyoshambuliwa, puani pangu hapa? Mimi nina presha, Mwalimu. Mimi nataka kuanza kwa furaha, huzuni ije baadaye kama ni lazima."

Ikapigwa kura. Mikono sita ikasema Mwalimu aondoke, sita ikasema abaki mpaka Jumapili. Ikabaki kura ya Mwenyekiti. Mkono wa seremala ulikuwa umeshaanza safari. Njia ulikuwa unaijua. Lakini Mwalimu hakujitetea. Alifunga daftari lake, akasema, "Mwenyekiti, wewe ni fundi. Kapime kwanza, halafu unifukuze."

Mkono ukakwama katikati ya hewa. Seremala akajifanya anajikuna kichwa.

"Kura yangu," akasema, "mtaipata Jumamosi."

Nyumbani alimkuta mkewe anamenya viazi. Mama huyu alikuwa akikaanga chipsi siku za mechi, na jiko lake lilikuwa kule juu penye tangi, kwa sababu kule chini sokoni wakaangaji walikuwa wengi.

"Mama Tulizo," akamwita kwa jina la binti yao, "hivi ule uwanja umelala?"

Mkewe akainua macho. "Miaka kumi na miwili nakaanga kule, Baba Tulizo. Kipindi cha pili sijawahi kuona goli letu hata moja. Nawaona vijana wanakuja, wakifika katikati wanashika viuno, wanageuka. Nikadhani ndiyo desturi."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa unaniuliza kipa yupi namba moja. Habari za kilima hukuniuliza." Akachukua kiazi kingine. "Mbao zako za kupandisha kutoka barabarani, unapandisha saa ngapi?"

"Asubuhi."

"Kwa nini si jioni?"

"Jioni nimeshachoka, mke wangu, nitapandishaje mzigo kwenye..."

Hakumalizia. Mkewe naye hakumsaidia kumalizia. Hapo ndipo ninapowaheshimu wake wa namna hiyo. Wa kwangu angemalizia.

Ijumaa asubuhi seremala akachukua pima maji yake, kamba na vigingi, akaenda uwanjani peke yake. Akaanzia kwenye nguzo ya goli la sokoni, akawa anapanda hatua kwa hatua, anavuta kamba, anaweka pima maji, anangoja lile povu dogo la kiooni mwake litulie katikati, anaweka alama, anasogea. Jua lilikuwa kichwani alipofika golini penye tangi. Akajumlisha alama zake mara moja, hakuamini. Akajumlisha tena. Kutoka goli mpaka goli, uwanja ulikuwa umepanda kwa kimo cha mlango mzima, na juu ya mlango ungeweza kuweka meza.

Nyumba ngapi alikuwa amezipima katika mji ule? Angemwekea mtu dirisha limelala upande hata kwa unene wa kidole, asingelala usingizi. Na huu uwanja, alioupenda kuliko nyumba zote, hakuwahi kuuwekea pima maji hata mara moja.

Akateremka polepole, akakaa kwenye benchi lake, na kwa mazoea ya fundi akailaza pima maji pembeni yake, juu ya benchi.

Povu likaenda katikati, likatulia. Benchi lilikuwa sawa kabisa.

Akaliangalia povu lile kwa muda. Kisha akapiga magoti, magoti yakilia, akachungulia chini. Miguu ya mbele ya benchi ilikuwa mifupi kuliko ya nyuma, kwa upana wa vidole vitatu. Akaenda benchi la pili, la tatu, yote matano hivyo hivyo. Ndipo akakumbuka. Miaka kumi na tisa iliyopita, mabenchi yalipowekwa mara ya kwanza, wazee wa tawi walilalamika kwamba wanaanguka chali. Naye, kwa kuwa ni fundi mzuri, alichukua msumeno akakata miguu ya mbele, kiti kikakaa sawa, wakampigia makofi.

Mnaona alichokifanya? Ardhi ilikuwa imeinama, yeye akawatengenezea watu mahali pa kukaa wasiihisi. Kisha wakakaa pale, wima, starehe, wakawa wanawahukumu wanaopanda. Akamkumbuka na yule kijana wa kompyuta. Alikuwa amekuja na mchoro wenye mstari unaopanda kutoka kushoto kwenda kulia, na tawi lilimcheka likasema ule ni mchoro wa bei ya sukari.

Jumamosi akasimama mbele yao kwa kinyozi. Hakuzunguka.

"Uwanja unapanda. Nimeupima. Na miguu ya mabenchi niliikata mimi, ndiyo maana hamkujua. Kura yangu ni kwamba Mwalimu anabaki, na kesho tunaanza kwa kupanda."

"Na tukifungwa, Mwenyekiti?" kinyozi akauliza.

"Mkifungwa, nifukuzeni mimi. Angalau safari hii mtakuwa mmemfukuza mwenye kosa."

Ni muuza kahawa tu aliyesema kwa unyonge, "Lakini miguu ya benchi usiiguse, kaka. Kiuno changu kimeshaizoea."

Jumapili ikafika. Mwamuzi akarusha shilingi, wageni wakashinda. Nahodha wao akaweka mkono kifuani kama kawaida. "Wenyeji chagueni."

Nahodha wa Chapakazi akanyoosha kidole kuelekea tangi. "Tunaanza kwa kupanda."

Ndugu zangu, mngeuona uso wa yule mgeni! Kabla nahodha wa Chapakazi hajafumba mdomo, kocha wa wageni alikuwa ameshaingia uwanjani mbio, shati limechomoka. "Hapana, refa! Hapana! Hawa huanza na soko! Hiyo ni desturi yao tangu waasisi wao, hawaruhusiwi kuiacha!"

Mwamuzi akamtoa nje. Seremala alikuwa amesimama karibu na mstari, akamsogelea.

"Shikamoo, Mzee," kocha yule akasema, anahema.

"Marahaba. Desturi yetu umeijuaje, kocha?"

Yule bwana akaangalia chini. "Mzee wangu, wilaya nzima inaijua. Sisi huwa tunawaombea msiibadilishe."

"Na makocha wetu tuliokuwa tunawafukuza?"

"Hao wafukuzeni tu. Hao hatukuwa na shida nao."

Hebu rudini na mimi kidogo kwenye neno hilo. Miaka yote ile tawi lilipokuwa likibishana, likipanga makipa, likipiga kura, likijiona linafanya kazi nzito ya kuiokoa timu, wapinzani walikuwa wamekaa kwao wanaliombea maisha marefu. Ile "wenyeji chagueni" haikuwa woga. Ilikuwa ni mtu anayekufungulia mlango wa shimo na kukupisha utangulie.

Mpira ukaanza, na zile zilikuwa dakika arobaini na tano mbaya kuliko zote alizowahi kukaa seremala. Vijana walikuwa wanasukuma mpira juu, unarudi. Wageni waliteremka kama mawe. Golini, puani pa tawi, alisimama Mfupi, ambaye ubaoni alikuwa namba tatu. Aliokoa shuti moja kwa ngumi, la pili kwa kifua, la tatu kwa kitu ambacho madhabahuni sikitaji. La nne likapita. Bao moja kwa bila, dakika ya thelathini.

Kinyozi akapanda juu ya benchi. "Kocha nje! Kocha nje!" Benchi la kwanza likaitikia, la pili likaitikia. Seremala akahisi mdomo wake unafunguka. Wimbo ule ulimi wake uliujua kuliko Baba Yetu. Hapo ndipo palipokuwa na mechi yake, kwenye meno yake. Akayauma, akaufunga mdomo.

Kisha akainuka. Akaliacha benchi lake, akaenda kusimama nyuma ya nyavu, kwenye udongo mtupu, mahali ambapo uzito wa mwili unakuvuta nyuma na mashavu ya miguu yanakaza yenyewe. Kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na tisa akaihisi ardhi ya ule uwanja.

"Mwenyekiti, rudi ukae!" kinyozi akaita. "Utaumia magoti!"

"Sikai."

"Tumeshafungwa!"

"Sikai, nimesema." Akamgeukia Mfupi. "Kaza, mwanangu. Kumi na tano tu zimebaki. Baada ya hapo kilima ni chao."

Na Mfupi akakaza.

Kipindi cha pili wageni walianza kupanda. Dakika ya sitini namba nane wao akashika kiuno. Dakika ya sitini na tano Chapakazi wakasawazisha, wakiwa wanateremka wanne dhidi ya mmoja. Halafu pakawa na mapigano ya dakika ishirini, mpira hauingii, muuza kahawa anamimina kahawa kwenye kiatu chake mwenyewe bila kujua. Dakika ya themanini na nane mpira ukamgonga beki wa Chapakazi gotini, ukaanza kubingirika kuelekea golini taratibu, mwendo wa mzee anayekwenda kupokea sadaka. Kipa wa wageni alikuwa amelala chini, miguu imegoma. Mteremko ukamalizia kazi. Mbili moja. Goli baya kuliko yote yaliyowahi kufungwa pale, na seremala alililia kama mtoto.

Waliingia mchujo. Na kwenye mchujo walitolewa raundi ya kwanza, kwenye uwanja tambarare, na timu iliyokuwa bora kuliko wao. Sikupanda hapa kuwadanganya. Lakini walitolewa na timu, hawakutolewa na benchi.

Nawaona mnacheka. Vizuri. Kinyozi tumemcheka, muuza kahawa tumemcheka. Sasa na sisi.

Sisi, katika usharika huu, tumebadilisha wazee wa kanisa mara ngapi? Walimu wa kwaya je? Kwaya zetu tunazipanga kila Jumatatu, nani namba moja, nani ameshuka. Hata wachungaji mnatupanga, mnadhani sisikii? Nimeambiwa mimi ni namba tatu, na tuko wawili. Sikatai. Huenda ni kweli. Lakini nawauliza: mkimpata wa namba moja, mkamleta hapa, atacheza kwenye uwanja gani?

Tazameni tunavyoanza. Tunaanza na nyimbo, tukiwa na nguvu. Halafu mahubiri, halafu matangazo, halafu mnada wa kuku na ndizi, tunacheka, tunapandishiana bei. Yote ni mazuri, nami nayapenda. Kisha mwisho kabisa, saa nane, jua kali, njaa imeshika, mzee anasimama na kusema, "Wenye nafasi, tubaki kidogo tukawaone wagonjwa." Jumapili iliyopita tulibaki watatu. Mmoja wetu alikuwa anakwenda njia hiyo hata hivyo. Halafu tunakutana kwenye baraza na kuulizana kwa nini kanisa letu halina nguvu, na kama tatizo ni kwaya au ni mchungaji.

Ratiba hiyo nani aliipanga? Ni mimi. Niliiweka hivyo kwa sababu napenda kuhubiri mkiwa bado mmeamka. Niliona mnaanguka chali kidogo, nikachukua msumeno nikakata miguu ya benchi ili mkae vizuri, nanyi mkanipigia makofi. Nawaomba msamaha.

Na mnafikiri adui wa roho zetu anasumbuka akisikia tunabishana nani aongoze? Yeye ana adabu nyingi. Anaweka mkono kifuani. Anatuambia chagueni, chagueni mnayemtaka, badilisheni hata kila mwaka. Shida yake ni moja tu, tusije tukageuza upande.

Bibi Atupakisye, aliyekuwa akiimba sauti ya tatu pale, safu ya pili, hajatoka kitandani tangu Pasaka. Kila Jumapili tunalisoma jina lake na kusema tumwombee. Tumemwombea tukiwa tumekaa, kwenye viti vilivyo sawa, miezi minne. Nyumba yake iko mwisho wa ile njia ya kupanda, wote mnaijua, ndiyo maana hatuendi.

Mahubiri yangu yana kurasa nne zaidi. Nazikunja. Matangazo yatasubiri, na kuku wa mnada sijaona mwenye haraka. Tunakwenda sasa, sote, miguu ikiwa bado na nguvu, na nyimbo tutazimalizia tukirudi, tukiteremka. Wenye magoti mabovu waje mbele pamoja nami, mwendo utakuwa wetu. Kwaya, kinanda kiacheni, kule hakuna umeme na masikio ya Bibi bado mazima.

Simameni.

Msifumbe macho, sikusema tuombe. Nimesema simameni. Mlango uko nyuma yenu.